Baada ya Kuwekewa Ini Jipya: Kwa Nini Saratani Huangaliwa Maisha Yote

Maelezo ya daktari mwalikwa katika mkutano wa wakazi wa kata kuhusu huduma za afya



Nimeitwa hapa kwa sababu ya swali moja. Katika mkutano uliopita mkazi mmoja alisimama akasema: tulichanga, ndugu yetu akaenda India, akawekewa ini, amerudi na anatembea, mbona sasa anaambiwa apimwe saratani kila mwaka? Swali lenyewe ni jema. Kilichonisikitisha ni maneno yaliyofuata mitaani, kwamba eti aliwekewa ini bovu, na kwamba fedha za wananchi zimepotea. Ndugu huyo ameridhia nilieleze jambo hili bila kumtaja, nami nitajitahidi kulieleza kwa ukamilifu, kwa kuwa halimhusu yeye peke yake. Wapo pia katika ukanda wetu huu wa Shinyanga na Geita watu waliopandikizwa figo, na karibu yote nitakayoyasema kuhusu dawa yanawahusu na wao.

Jibu fupi ni kwamba ini lile si bovu. Hatari niliyokuja kuizungumzia hutokana kwa sehemu kubwa na dawa inayolilinda ini hilo, na kwa sehemu nyingine hutokana na ugonjwa ulioliharibu ini la kwanza.

Upandikizaji wa ini ni kazi changa. Daktari Thomas Starzl alijaribu kwa mara ya kwanza huko Denver, Marekani, mwaka 1963, na mgonjwa wake, mtoto mdogo, hakupona. Ilichukua hadi mwaka 1967 kumpata mgonjwa aliyeishi muda wa kutosha kuitwa mafanikio. India, ambako wagonjwa wengi wa Afrika Mashariki wamekuwa wakienda, ilifanikiwa kupandikiza kipande cha ini kutoka kwa mtu aliye hai mwaka 1998. Hapa nchini tumeanza na figo: Hospitali ya Taifa Muhimbili mwezi Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, mwaka 2018. Kwa hiyo idadi ya Watanzania wanaoishi na kiungo cha mtu mwingine inaongezeka, na baadhi yao wanarudi kuishi katika kata kama hii, ambako mtu wa kwanza kuwaona wakiugua ni muuguzi wa zahanati.

Sasa nieleze kuhusu dawa. Wazee waliopo hapa wanakumbuka jinsi sungusungu walivyoanza huku kwetu, Kahama na Shinyanga, mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipokithiri. Mwili nao una sungusungu wake. Ni chembe za damu zinazozunguka usiku na mchana zikimkagua kila zinayekutana naye: huyu ni wa hapa, huyu ni mgeni. Mgeni hupigiwa yowe na kushambuliwa. Chembe hizo hazina namna ya kujua kwamba ini jipya ni mgeni aliyealikwa. Zikiachwa zifanye kazi yake zitaliharibu. Ndiyo maana mgonjwa hupewa dawa za kushusha kinga, na hupewa maisha yake yote.

Lakini sungusungu hao hao wana kazi ya pili. Katika mwili wa kila mmoja wetu huzaliwa mara kwa mara chembe zilizopotoka, ambazo zikiachwa huweza kuwa saratani, na walinzi huziondoa nyingi kabla hatujajua. Vilevile huvishikilia virusi kadhaa tunavyoishi navyo tangu utotoni bila kuugua. Ukiwaambia walinzi wakae chini ili wasimshambulie mgeni, umewaambia pia wasiwafuate wezi.

Jambo hili lilitambuliwa mapema. Huko huko Denver, mwaka 1968, daktari wa upasuaji Israel Penn alianza kuandika katika daftari kila saratani iliyojitokeza kwa watu waliopandikizwa viungo. Utafiti mkubwa uliochapishwa Marekani mwaka 2011, uliohusisha upandikizaji zaidi ya 175,000 wa viungo mbalimbali, ulikuta kwamba waliopandikizwa hupata saratani takriban mara 2 ya watu wengine. Kwa saratani ya tezi, ile ya jamii ya limfoma, ilikuwa zaidi ya mara 7. Hizo ni hesabu za Marekani, na mpangilio wa saratani huku kwetu una sura yake. Hata hivyo nawaomba msizisikie kwa hofu. Mtu ambaye ini lake limekufa hana miaka ya kusubiri. Aliyewekewa jipya anapata miaka, na katika miaka hiyo tunamwangalia.

Niseme kidogo pembeni. Ninyi mnaochekecha udongo mkitafuta dhahabu huenda mtapenda kujua kwamba dawa hizi nazo zilitoka udongoni. Siklosporini ilipatikana kutoka kwenye ukungu wa udongo wa Norway. Takrolimasi, inayotumiwa zaidi leo, kutoka kwenye udongo wa Tsukuba nchini Japani mwaka 1984. Na sirolimasi kutoka kisiwa cha Rapa Nui katika Bahari ya Pasifiki. Nitairudia hiyo ya tatu.

Ningependa kukaa zaidi kwenye saratani ya tezi, maana ndiyo inayoweza kutupotosha sisi watumishi wa afya wa huku. Miaka kadhaa iliyopita nilimpokea mama aliyekuwa na uvimbe shingoni, homa za usiku, jasho, na mwili uliokonda. Kila mmoja hapa anajua tunachokifikiria kwanza tukisikia hivyo, hasa katika ukanda wa migodi: kifua kikuu. Ndivyo alivyofikiriwa kule alikoanzia, na alikuwa amekwisha kunywa dawa za kifua kikuu kwa majuma kadhaa bila uvimbe kunyofolewa kipande na kupimwa. Hakuna aliyemuuliza kama amewahi kupandikizwa kiungo, naye hakusema, kwa kuwa aliona ni jambo la zamani lililokwisha. Kadi ya hospitali aliyopewa nje ya nchi ilikuwa ndani ya mkoba wake muda wote huo.

Madhara yalikuwa mawili. La kwanza ni kwamba uvimbe ule ulikuwa saratani ya tezi, na muda ulipotea. La pili wengi hawalifahamu. Rifampisini, mojawapo ya dawa kuu za kifua kikuu, huliamsha ini liivunje takrolimasi upesi mno, hata kiwango chake katika damu kikashuka sana. Walinzi wakaamka, na ini jipya likaanza kushambuliwa. Simaanishi kwamba aliyepandikizwa asitibiwe kifua kikuu. Kikithibitika ni lazima atibiwe, maana kwake ni hatari kuliko kwetu. Lakini atibiwe kwa mawasiliano na hospitali ya rufaa, ambako dozi zitarekebishwa na damu kupimwa mara kwa mara.

Saratani hiyo ya tezi kwa sehemu kubwa huchochewa na kirusi cha Epstein-Barr, na kirusi hicho kina historia katika ukanda huu wa ziwa. Daktari Denis Burkitt, akifanya kazi Mulago, Kampala, aliandika mwaka 1958 kuhusu uvimbe wa taya kwa watoto. Baadaye alisafiri nchi nyingi, ikiwemo Tanganyika, akiuliza hospitali kwa hospitali wapi uvimbe huo unaonekana. Ni kutoka kwenye vipande vya uvimbe wa watoto hao wa Uganda ambapo Epstein na wenzake walikitambua kirusi hicho mwaka 1964. Karibu sote tunacho tangu utotoni. Tuna walinzi, kwa hiyo hakitusumbui.

Habari njema ni kwamba saratani hii, ikigunduliwa mapema, mara nyingine hunywea kwa kupunguza tu dawa za kushusha kinga. Starzl na wenzake waliliripoti hilo mwaka 1984. Nasisitiza: hupunguzwa na daktari bingwa, hatua kwa hatua, huku ini likipimwa. Mgonjwa akisikia maneno haya akaenda nyumbani kujipunguzia mwenyewe, atalipoteza ini kabla saratani haijamgusa.

Ndugu wananchi, ya pili ni saratani ya Kaposi. Wengi mmeiona wakati ule VVU ilipokuwa haina dawa: madoa au vinundu vyeusi au vya zambarau miguuni, mdomoni, mara nyingine mguu kuvimba. Kirusi chake kimeenea Afrika Mashariki kuliko Ulaya, na ndiyo sababu kwa Mwafrika aliyepandikizwa kiungo saratani hii ni ya kutazamiwa. Kwa uzoefu wetu, mtu mwenye madoa hayo huanza kunyooshewa vidole. Aliyepandikizwa anaweza kuyapata bila kuwa na VVU, na jamii ilijue hilo. Hapa ndipo ile dawa ya Rapa Nui inaporudi: mwaka 2005 madaktari wa Italia waliripoti wagonjwa 15 wa figo walioondolewa siklosporini na kupewa sirolimasi, na madoa ya Kaposi yakatoweka kwa wote ndani ya miezi 3. Si kila mgonjwa atakuwa na bahati hiyo, ila doa likionekana mapema kuna la kufanya.

Saratani ya ngozi inayotokana na jua ndiyo inayoongoza kwa Wazungu waliopandikizwa. Kwetu ni chache, isipokuwa kwa ndugu zetu wenye ualbino, ambao wakipandikizwa hatari yao inazidishwa maradufu. Saratani ya mlango wa kizazi nayo huletwa na kirusi kinachotumia mwanya wa kinga kushuka. Mama aliyepandikizwa asisubiri dalili. Kipimo cha siki kinachotumika katika vituo vyetu humfaa, na akifanye mara nyingi zaidi ya wenzake kama tunavyowafanyia wanaoishi na VVU. Binti zetu wana chanjo, iliyoanza kutolewa nchi nzima mwaka 2018.

Nije machimboni. Vumbi la mawe yanayosagwa kwenye makarasha lina silika, na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiorodhesha silika hiyo mwaka 1997 kuwa inasababisha saratani ya mapafu. Ongeza sigara, ongeza kinga iliyoshushwa, na mahesabu yanakuwa mabaya. Mchimbaji aliyepandikizwa ini au figo asirudi kwenye karasha wala ndani ya duara. Na zebaki ya kukamatia dhahabu, ingawa si habari ya saratani, huharibu figo, na dawa ya takrolimasi nayo huzielemea figo hizo hizo. Najua ninachokiomba. Namwambia mtu aache kazi anayoijua na iliyomlea. Ndiyo maana naileta hoja hii mbele ya kata nzima: kikundi cha machimbo kinaweza kumpa mtu huyo kazi ya kutunza daftari la mifuko au kukaa dukani, na hapo kikawa kimemtibu kuliko mimi.

Sasa ile sehemu ya pili niliyoitaja mwanzoni, yaani ugonjwa ulioliua ini la kwanza. Wapo wanaowekewa ini kwa sababu ini lao lilikuwa na saratani tayari. Tangu mwaka 1996 hospitali nyingi duniani hufuata kipimo kilichopendekezwa na madaktari wa Milan, Italia: uvimbe mmoja usiozidi sentimita 5, au uvimbe usiozidi 3 ambao kila mmoja hauvuki sentimita 3, na usiwe umetoka nje ya ini. Kipimo hicho kipo kwa sababu saratani iliyokwisha kusambaa hulifuata ini jipya. Hata kwa waliochaguliwa vizuri, baadhi hurudiwa, mara nyingi katika miaka 2 au 3 ya mwanzo. Ndiyo sababu wanapigwa picha mara kwa mara kipindi hicho.

Na kwa nini ini la kwanza lilipata saratani? Katika nchi zetu mshukiwa mkuu ni homa ya ini aina ya B. Huingia kwa damu, kwa kujamiiana, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kujifungua. Hukaa miaka 20 au 30 kimya, huku ini likijaa makovu. Mshukiwa wa pili ni sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara kwa muda mfupi, na taifa zima lilisikia. Yenye kuua polepole haisikiki. Mwenye homa ya ini B anayekula sumukuvu mwaka hadi mwaka hatari yake ya saratani ya ini huzidishwa, wala si kujumlishwa tu. Mshukiwa wa tatu ni pombe, na gongo siihitaji kuifafanua hapa.

Kupandikizwa hakuvifuti vitu hivi. Kirusi cha homa ya ini B hujificha nje ya ini pia, na kisipozuiwa kwa vidonge hulivamia ini jipya. Aliyepandikizwa akirudi nyumbani kwenye ghala lile lile lenye karanga za ukungu, na kwenye kilabu kile kile, tumemrudisha mwanzo wa njia.

Tanzania ilianza kuwachanja watoto wachanga dhidi ya homa ya ini B mwaka 2002. Maana yake ni kwamba wengi wetu tulio watu wazima hapa hatukuchanjwa. Huko kwenye makambi ya machimbo, ambako watu hutoka mikoa mingi na wembe mmoja hunyoa vichwa kadhaa, nawasihi mpime. Aliyekutwa hana, achanjwe. Aliyekutwa nacho, afuatiliwe, kwa kuwa dawa za kukidhibiti zipo na si lazima afike hatua ya kutafutiwa ini. Gharama ya kumpima mtu, hata mkiwalipia wachimbaji wote wa duara moja, hailingani na nauli tu ya kwenda India.

Nimalizie na jambo la michango, kwa idhini ya Mheshimiwa Diwani. Nimekaa kwenye kamati za namna hii mara nyingi. Tunachanga hadi siku ya safari, mgonjwa anarudi, tunampokea kwa shangwe, kamati inavunjwa. Siku ile kamati inapovunjwa ndiyo siku gharama ya kudumu inapoanza: dawa kila siku, kupima kiwango cha dawa katika damu, picha za ini, nauli za kwenda Bugando au Dar es Salaam. Mgonjwa anapoanza kuruka dozi kwa kukosa fedha, hasemi. Naomba kamati zijazo zitenge sehemu ya fedha kabla ya safari, na ziulize mapema: akirudi, damu yake itapimwa wapi, na nani atawasiliana na hospitali iliyompandikiza? Na kwa wahudumu wa zahanati, ongezeni swali moja tu mnapomwandikisha mgonjwa: umewahi kupandikizwa kiungo?

Baada ya maelezo hayo wakazi walipewa nafasi ya kuuliza. Yafuatayo ni baadhi ya maswali na majibu ya daktari.

Mzee mmoja aliuliza kama mitishamba inaweza kumsaidia aliyepandikizwa kuirudisha kinga yake. "Mzee wangu, shikamoo, na asante kwa kuuliza waziwazi. Kinga yake tumeishusha kwa makusudi. Dawa yoyote inayodaiwa kuipandisha inafanya kazi kinyume na sisi, na nyingine hubadilisha kiwango cha takrolimasi bila mtu kujua. Hata balungi, tunda la kawaida kabisa, hukipandisha. Hatumkatazi kwa dharau ya miti yetu."

Mama mmoja aliuliza kama saratani yaweza kuja ndani ya ini lenyewe kutoka kwa aliyelitoa. Daktari alijibu kwamba imewahi kutokea duniani, ila ni nadra, na ndiyo sababu mtoaji hupimwa kwa kina kabla ya kukubaliwa. Saratani nyingi za waliopandikizwa huzaliwa ndani ya miili yao wenyewe, baada ya miaka.

Kijana mchimbaji aliuliza kuhusu ndugu aliyetoa kipande cha ini lake: naye yumo hatarini? "Hapana, si kwa hatari hii. Yeye hamezi dawa za kushusha kinga, walinzi wake wako kazini. Ini lililobaki hukua na kukaribia ukubwa wake wa awali ndani ya miezi michache. Nitakalomwomba ni ajiepushe na gongo, achanjwe homa ya ini kama hajachanjwa, na aende na mwenzake kliniki kila mwaka, hata kama hana cha kupimwa. Wagonjwa wangu wanaosindikizwa hawakosi tarehe."